Msomi wa lishe aende kijijini

Kijana wa Mbeya, Iringa au Njombe aliyepangiwa kusoma lishe katika chuo kikuu cha umma hana haki ya kuichukulia shahada hiyo kama kimbilio la waliokosa nafasi ya udaktari. Ametoka katika mikoa yenye aibu kubwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Mbeya ilizidi kidogo wastani huo. Njombe na Rukwa walikuwa 50. Iringa, 57.

Na njaa haipo. Mahindi yamejaa maghalani, mchele wa Kyela unauzwa mikoa mingine, Rungwe ina ndizi na maziwa, Njombe inasafirisha parachichi hadi Ulaya. Mtoto anadumaa huku nyumbani kuna magunia, kwa sababu anapewa uji mtupu wa sembe mara mbili kwa siku, maharage na maziwa yanauzwa, na mama anarudi shambani kabla mtoto hajamaliza kunyonya. Kuharisha kwa maji machafu kunamalizia. Tatizo la namna hii halitibiwi kwa dawa. Linamhitaji mtu anayejua protini na anayejua pia nani ndani ya nyumba ameshika fedha ya mavuno.

Mtu huyo ndiye tunayemsomesha. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina shahada ya lishe ya binadamu, na wanafunzi wengi wa vyuo vya umma wanasoma kwa mkopo wa fedha za walipakodi, wakiwamo wakulima wa Makete na Mbarali. Tunavitaka vyuo viache kuhesabu wiki chache za mafunzo kwa vitendo kuwa zinatosha. Mwanafunzi akae kijijini msimu wa kilimo, wakati mama hana muda, aone chunguni kinapikwa nini.

Kazi ya lishe inayoanzia kijijini ilishafanyika papa hapa. Mpango wa Lishe wa Iringa, ulioanza mwaka 1983 kwa msaada wa UNICEF na WHO, uliingia vijiji 168. Wanakijiji wenyewe waliwapima watoto uzito, wakayajadili majibu, wakaamua la kufanya. Utapiamlo mkali ulipungua. Miaka 40 baadaye mkoa huohuo unaongoza kwa udumavu, na hakuna anayewajibishwa.

Halmashauri nazo zisijifiche nyuma ya vyuo. Zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, na wakuu wa mikoa wametia saini mikataba ya lishe. Kutenga kwenye makaratasi si kutoa. Afisa lishe anayepangiwa kazi za ofisi nyingine, asiye na hata mafuta ya pikipiki, ni shahada iliyotupwa. (Tumezoea kumkumbuka wiki ya maadhimisho ya lishe tu, akapewa fulana.)

Madiwani wa Mbeya na Iringa, katika kikao chenu kijacho cha bajeti itakeni taarifa ya fedha za lishe zilizotolewa, si zilizotengwa, pamoja na majina ya vijiji ambavyo afisa lishe amefika. Mkurugenzi asiye na majibu asipitishiwe hoja yake.