UFADHILI MKUBWA SI KARO NDOGO

Je, ukipata barua mbili za chuo utafuata ipi? Dada yangu alizipata. Chuo kimoja cha kibinafsi Nairobi kilimpa ufadhili wa nusu ya karo. Chuo Kikuu cha Pwani, hapa Kilifi, ufadhili ulikuwa mdogo zaidi. Mtaa mzima ukasema, "Nenda Nairobi, hiyo bahati!"

Mama akashika kalamu. Nusu ya 200,000 ni 100,000 za kulipa kila mwaka, bado chumba na chakula. Pwani tulibakiwa na 40,000 hivi, na malazi kwa shangazi. Baba ni mvuvi. Kusi ikivuma haingii baharini. Laki hiyo ingetoka wapi?

Wengine watasema jina la chuo ndilo huleta kazi. Sikatai. Lakini jina litamfaa nini aliyerudishwa nyumbani kwa karo mwaka wa pili? Tena Pwani ni chuo kikuu kamili tangu 2013, na ualimu alioutaka unafundishwa pale pale.

Wenzangu wa kidato cha tatu, zamu yetu yaja. Msitazame mlichopewa, tazameni kilichobaki, tena kwa miaka yote minne. Usiache mbachao kwa msala upitao.