Pomboo wa China, mpumbu wa Luapula

Mwaka 2006 wataalamu walisafiri kwa majuma sita katika mto Yangtze, China, wakiwa na meli mbili, wakimtafuta baiji, pomboo wa mto huo. Hawakuona hata mmoja. Pomboo ni mnyama wa maji anayepumua hewa na kunyonyesha mtoto wake. Hakuna aliyekusudia kumwangamiza: alinaswa na nyavu na ndoano zilizotegewa samaki, akagongwa na meli, mabwawa yakamfungia njia, viwanda vikachafua maji. Pomboo wa bahari akikimbia ana pa kwenda. Wa mto hana. Tena jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mara.

Sisi wa Katanga hatuna pomboo, lakini tulikuwa na mpumbu. Wakati wa mvua samaki huyu alipanda mto Luapula kwa wingi kwenda kutaga mayai. Wafanyabiashara wa Kasenga, wengi wao Wagiriki, walinunua samaki kwa ajili ya wafanyakazi wa migodi ya Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Nyavu zikategwa palepale njiani, majike wakavuliwa na mayai tumboni, na mayai yenyewe yakauzwa. Kufikia miaka ya 1950 uvuvi wa mpumbu ulikuwa umeanguka. Mji wetu ulikula mbegu pamoja na mavuno.

Leo mji unaupelekea mto kitu kingine. Novemba 2025 maji machafu ya kiwanda kimoja cha madini yalitoka bwawani yakafurika mitaa ya Lubumbashi, na waziri wa migodi akasimamisha kazi za kampuni hiyo kwa miezi mitatu. Watu waliogopa kwa ajili ya visima na mashamba, na ni haki yao. Lakini tazameni maji yanakoenda: mto Lubumbashi unaingia Kafubu, Kafubu unaingia Luapula, Luapula unaingia ziwa Mweru. Kule Zambia, bwawa la mabaki ya shaba lilipobomoka Chambishi mwezi wa Februari mwaka huohuo, samaki waliokufa walionekana mpaka kilomita 100 hivi kufuata mto, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji.

Kusimamisha kazi kunaiadhibu kampuni, lakini metali zilizokwisha kuzama katika matope hazihesabu miezi. Kwa hiyo, ndugu, tunaomba maji na matope ya Kafubu vipimwe kila majira, na matokeo yasomwe hadharani, kwa Kiswahili, mpaka Kasenga.