Dawa si badala ya usafi

Leo tutoke kidogo jikoni na visimani, tuingie maabara, maana huko kuna kosa ambalo nasi tunalifanya majumbani.

Watafiti huotesha seli za binadamu au za wanyama nje ya mwili. Huziweka katika chupa yenye maji ya virutubisho, kwa joto la nyuzi 37, sawa na la mwili. Maji hayo ni karamu kwa bakteria pia. Wakiingia wachache tu, kwa mkono au kwa mate ya mtu anayezungumza, baada ya siku moja au mbili maji yamegeuka kama yaliyooshea mchele. Kazi ya wiki nzima inamwagwa.

Kwa hiyo maabara nyingi hutia humo penisilini na streptomaisini, kwa kawaida yuniti 100 za ile ya kwanza na maikrogramu 100 za ile ya pili kwa kila mililita. Hapo ndipo ninapokuwa na neno. Dawa ikiwamo kila siku, mkono hulegea. Mtu husahau kufuta meza kwa spiriti, huzungumza juu ya chupa iliyo wazi. Bakteria dhaifu hufa, sugu hubaki kimyakimya. Wabaya zaidi ni mikoplazma. Penisilini huua bakteria kwa kuharibu ukuta wao, na hawa hawana ukuta! Wala hawachafui maji yakaonekana. Mtafiti anatazama chupa safi, kumbe anaandika majibu yasiyo ya kweli. Ndiyo maana wataalamu hushauri seli zioteshwe bila dawa, walau kwa vipindi, ili uchafu ujitokeze.

Mtume (S.A.W.) alimwelekeza anayeamka usingizini aoshe mikono kabla ya kuiingiza katika chombo cha maji, kwa kuwa hajui ililala wapi. Hakungoja uchafu uonekane.

Sasa tutazame nyumbani. Mtoto akipiga chafya, tunakimbilia duka la dawa kununua amoksilini mbili tatu "za kuzuia", ilhali mafua huletwa na virusi na dawa hiyo haivigusi. Mwingine hufungua kapsuli akanyunyiza unga juu ya kidonda ambacho hakijaonja maji wala sabuni. Huyu ni yule yule wa maabara, ila yeye hana chupa ya kumwaga aanze upya. Ana mwili wa mwanawe. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mjini London mwaka 1928, alionya mwaka 1945 kwamba dozi pungufu huwazoesha vijidudu kuistahimili dawa.

Basi kidonda kioshwe kwanza kwa maji safi na sabuni. Kikivimba, kikitoa usaha au homa ikapanda, mpeleke mtoto kwa daktari, na dawa atakayoandika mpe kama alivyoelekeza. Zile kapsuli zilizobaki kabatini tangu ugonjwa wa mwaka jana, usimpe mtu.