Kwa Nini Tuitoboe Motokaa Iliyo Nzima?

Msomaji, ukipita Jumamosi katika gereji za barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ile iliyokuwa ikiitwa Grogan, utawakuta vijana wamepanga foleni na magari yao, kila mmoja akitaka lake litanuliwe mabega. Nia yao ni ile mikunjo ya plastiki nyeusi inayovalishwa juu ya madigadi ili kufunika matairi mapana. Wengine huiita fleya. Sina ugomvi na mapambo hayo. Ugomvi wangu ni na keekee.

Juma lililopita nilishuhudia ubishi. Kijana mmoja alimwambia fundi aliyemzidi umri maradufu, "Mzee, nakuomba usitoboe. Bandika kwa gundi." Mzee akacheka, akamjibu, "Mwanangu, gundi ni ya viatu na madaftari. Mimi nataka nione skrubu kwa macho yangu." Waliokuwapo wote wakamwunga mkono mzee. Mimi sikuulizwa, lakini niko upande wa kijana.

Niliwahi kuishi Mombasa na gari dogo nililolinunua likiwa na fleya tayari, skrubu nane kila gurudumu. Lilipendeza, nami nilijigamba nalo. Siku nilipozifungua fleya hizo, bati lililokuwa nyuma lilikuwa kama biskuti iliyochovywa katika chai. Nililigusa kwa kidole, likamomonyoka. Kwani bati la gari hukingwa na tabaka za rangi, na mara nyingi zinki chini yake. Keekee ikipenya, tundu hubaki na ukingo mtupu, na tairi hurusha maji na tope kwa upande wa ndani, mahali ambapo kitambaa cha mwosha magari hakifiki. Na huko pwani hata hewa ina chumvi! Fedha nilizolipa kwa kuchomelea bati jipya zingetosha kununua fleya nyingine na chenji ikabaki.

Wazee wa Lamu waliposhona mitepe kwa kamba za nazi, bila msumari wa chuma, nao walitoboa mbao. Lakini matundu waliyaziba kabla chombo hakijashuka majini. Fundi wetu wa leo hutoboa, hukaza, hupokea pesa, kwaheri.

Na huyu anayeidharau gundi, je, hajui kwamba kioo cha mbele cha magari ya siku hizi kimeshikwa kwa gundi? Huko Uingereza kampuni ya Lotus ilileta gari lake la Elise mwaka 1996, ambalo fremu yake ya alumini imeunganishwa kwa gundi. Kama gundi inaweza kubeba gari, itashindwaje na ukanda wa plastiki?

Hata hivyo, nisimwonee mzee. Gundi ina masharti, na hapo ndipo wengi wetu hushindwa. Kwanza, gundi haishiki bati, inashika rangi. Gari lililopakwa rangi upya juu ya pati iliyoumuka litaiachia fleya pamoja na rangi yenyewe. Pili, mahali pa kubandika pasuguliwe kwa spiriti mpaka nta na mafuta yote yatoke, na mkono usipaguse tena. Tatu, ule utepe mnene wenye gundi pande mbili wataka kukandamizwa sawasawa, kisha kuachwa. Aina nyingi huchukua kama saa 72 kufikia nguvu zake kamili. Anayefuata hayo anaweza baadaye kuibandua fleya kwa joto na uzi wa mshipi wa kuvulia samaki, na bati likabaki zima. Asiyefuata, fleya yake itang'oka barabara ya Thika na kumpiga usoni mwendeshaji bodaboda aliye nyuma. Huo si mzaha.

Tena yako magari ambayo mimi mwenyewe ningeyapiga skrubu bila kusita: yale ya kupasua vichaka na kukwaruzana na mawe, ambako tawi moja laweza kuichomoa fleya iliyobandikwa tu. Lakini hata huko, ukingo wa kila tundu na upakwe rangi ya kuzuia kutu, na skrubu itiwe dawa ya kuziba maji. Ni kazi ya dakika chache.

Basi, turudi gerejini. Mzee alipochoka kubishana aliitua keekee chini, akafuta mikono, akamwuliza kijana kwa upole, "Haya, nitabandika. Utaniachia gari mpaka Jumanne?"

Kijana akakuna kichwa. Kesho yake alikuwa amekodishwa kubeba maharusi.

Nilipokuwa naondoka, nilisikia keekee imeanza kulia.