Tela la Boti Lipimwe Kabla ya Safari

Nchi yetu imepakana na maji katika pande zake zote nne. Mashariki iko Bahari ya Hindi, kaskazini Ziwa Victoria, magharibi Ziwa Tanganyika na kusini Ziwa Nyasa. Kwa hiyo boti ni chombo cha kazi kwa ofisa uvuvi, kwa polisi wanamaji na kwa mtafiti, kama vile baiskeli ilivyokuwa chombo cha kazi kwa bwana shamba. Lakini boti haiwezi kutoka Dar es Salaam hadi Kyela kwa njia ya maji. Hufungwa juu ya tela, ikavutwa na gari mamia ya kilometa. Leo tunapenda kuizungumzia safari hiyo ya nchi kavu, kwa kuwa wengi huidhania kuwa haina elimu ndani yake.

Majini, somo la uzito tumelipata kwa uchungu. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, kikiwa na watu wengi kuliko 101 walioruhusiwa, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Hakuna tena Mtanzania anayehitaji kuelezwa kwamba chombo kinaweza kuua kwa sababu ya mzigo. Hata hivyo, boti ikishapandishwa juu ya tela, hadhari hiyo husahauliwa. Huulizwa kama kamba zimekazwa na kama magurudumu yana upepo. Ni nadra kuulizwa uzito umeelemea wapi.

Swali hilo ndilo kiini cha jambo lenyewe. Tela ni kama ule ubao ambao watoto wawili hukalia huku na huku, mmoja akipanda mwenzake hushuka. Ekseli ndiyo egemeo la ubao huo. Uzito ukizidi mbele ya ekseli, mkono wa tela hulikandamiza gari. Ukizidi nyuma, mkono hutaka kuinuka. Tela ambalo mkono wake ni mwepesi mno huanza kuyumba kushoto na kulia. Mwendo ukiongezeka, huja wakati ambapo kila myumbo huwa mkubwa kuliko uliotangulia, mpaka tela likaigeuza gari inayolivuta. Anayeumia si dereva peke yake. Yupo mpanda baiskeli, yupo mama mwenye ndoo kichwani, na wapo wanafunzi wanaotembea ukingoni mwa barabara.

Wataalamu hushauri kwamba kwa tela la boti uzito unaokandamiza kiungo cha gari uwe kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote wa tela pamoja na mzigo wake, isipokuwa kama mtengenezaji ameagiza vingine. Ikiwa tela, boti, injini na vifaa vina kilo 1,500, basi kiungo kibebe kati ya kilo 75 na 150. Wala si busara kuzidisha mno. Mkono ukiwa mzito kupita kiasi, gari huchutama nyuma na kuinuka mbele, na magurudumu yanayoliongoza yakapoteza mshiko wake. Kila gari ina kikomo chake cha uzito huo, na kikomo hicho kiheshimiwe.

Tatizo la boti ni kwamba kwa maumbile yake uzito mwingi huwa tezini. Huko ndiko iliko injini, na mara nyingi huko ndiko liliko tangi la mafuta. Halafu sisi huongeza mengine kwa sababu tezini ndiko kwenye nafasi. Tuchukue mfano wa madumu matano ya petroli, kila moja la lita 20. Hayo yana karibu kilo 75. Yakiwekwa meta 2 nyuma ya ekseli, katika tela ambalo kiungo chake kiko meta 4 mbele ya ekseli, yatapunguza karibu kilo 37 katika uzito wa mkono. Mkono uliokuwa na kilo 75 sasa umebaki na nusu yake, na hakuna aliyeona chochote kikibadilika. Dawa yake ni nyepesi: madumu yasafiri matupu, yajazwe karibu na ziwa.

Waswahili wa pwani husema, tezi na omo marejeo ni ngamani. Msemo huo una maana pana, lakini kwa msafirishaji wa boti una maana ya wazi kabisa. Maji ya mvua yaliyotuama katika ngama yana uzito wa kilo moja kwa kila lita. Lita 200 ni kilo 200, na kilo hizo hazitulii: gari ikipanda mlima hukimbilia tezini, ikiteremka hukimbilia omoni. Kwa hiyo kizibo cha ngama kifunguliwe na maji yaishe kabla ya kuondoka.

Wapo watakaosema kwamba ofisi zetu hazina vyombo vya kupimia mambo hayo. Udhuru huo haukubaliki. Tela likisimama sawasawa juu ya ardhi tambarare, magurudumu yakiwa yamezuiwa, mkono wake huweza kuwekwa juu ya mizani ya magunia iliyoko katika ghala lolote la mazao. Pakiwa na mizani ndogo tu, kama ile ya kupimia watu wazima zahanati, utafutwe ubao imara. Ncha moja iegemee tofali na nyingine iegemee mizani, kati yao pawe na sentimeta 90. Mkono wa tela ushuke juu ya ubao, sentimeta 30 kutoka kwenye tofali. Mizani itabeba theluthi moja tu ya uzito wa mkono, hivyo kilo zitakazosomwa zizidishwe mara tatu. Uzito ukionekana mdogo, boti isogezwe mbele pamoja na nguzo inayozuia omo, au ekseli irudishwe nyuma ikiwa tela limeundwa hivyo, kisha ipimwe upya.

Tusidanganyike kwamba mizani za barabarani zitatufanyia kazi hiyo. Hizo hupima mzigo ulio juu ya ekseli ili barabara zetu zisiharibiwe. Haziwezi kumwambia dereva kama tela lake litayumba atakapoanza kuteremka kutoka Uyole kupitia Tukuyu kwenda Kyela, mahali ambapo tela huisukuma gari kwa nyuma. Likianza kuyumba, dereva asikanyage breki kwa ghafla wala asishindane nalo kwa usukani. Aondoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani sawa, mwendo upungue wenyewe, kisha asimame na kuupanga mzigo upya.

Hapa ndipo tunapogusa suala la wajibu. Ajali ikitokea, ni rahisi mno kumlaumu dereva. Lakini aliyeamuru madumu yapakiwe tezini mara nyingi si dereva. Aliyeamuru safari ianze alfajiri bila kupima chochote si dereva. Si haki kumwachia mtu mmoja mzigo wa uzembe wa ofisi nzima. Tunapendekeza kwamba ofisa anayetia saini safari ya boti asitie saini mpaka mambo mawili yameandikwa katika daftari la safari: uzito wote wa tela na uzito wa mkono wake. Na dereva anayekataa kuondoka kabla ya kupima asihesabiwe kuwa mkaidi. Huyo anastahili kushukuriwa.

Kwa walimu nao tuna neno. Kanuni ya wenzo hufundishwa madarasani kwa rula na mawe, na wanafunzi wengi huiacha papo hapo baada ya mtihani. Mwalimu wa fizikia aliye karibu na ziwa au bahari hana haja ya kutafuta mfano wa mbali. Awachukue wanafunzi wake hadi kwenye tela la boti, awape ubao, tofali na mizani, wakokotoe wenyewe. Miongoni mwao wamo madereva na maofisa wa kesho.

Kupima tela hakumalizi hata saa moja. Saa hiyo ni haki ya kila raia anayetembea kando ya barabara, na mtumishi wa umma hana ruhusa ya kumnyima.