Mita Inaijua Nyumba, Faili Haliijui

Vijana wenzangu, leo kalamu yangu imekuja na ugomvi. Nataka kuzungumzia kibali cha ujenzi, na najua wengine wenu mmeshaanza kufunua kurasa mtafute hadithi ya mapenzi. Ngojeni kwanza. Chumba unachoandikia hadithi yako kina zege juu ya kichwa chako, na zege hiyo hujui nani aliikagua.

Hapa Dar es Salaam sheria haikufichwa. Anayejenga mjini anatakiwa awe na kiwanja kinachotambulika, ramani iliyochorwa na mtaalamu, na kibali cha halmashauri kabla hajachimba msingi. Kisha ujenzi ukaguliwe hatua kwa hatua, na kinachoonekana kiandikwe. Sasa pita mtaani ujionee. Watu wanamwaga zege Jumapili kwa sababu ofisi imefungwa. Ukuta unachorwa SIMAMISHA UJENZI kwa rangi nyekundu, wiki mbili baadaye umepigwa chokaa na ghorofa nyingine imepanda. Ukiuliza imekuwaje, unaambiwa, "Mjini hapa, bwana!"

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo mara nyingi anayelipa ni yeye. Sipingi kodi. Nauliza tu: hivi kama mita imeweza kuijua nyumba, faili la ukaguzi limeshindwa nini? Inakuwaje nyumba iwepo siku ya kudaiwa, halafu isiwepo siku ya kukaguliwa?

Kuna watakaonijibu kwamba kibali ni njoo kesho, njoo keshokutwa, na mnyonge hana nauli ya kuhudhuria ofisi mwezi mzima. Kweli kabisa. Tena sehemu kubwa ya jiji hili ni maeneo yasiyopimwa, ambako hata ukitaka kufuata utaratibu unakwama mlangoni. Ofisi inayofanya uhalali kuwa mgumu isishangae watu wakijenga usiku.

Lakini msimfanye mnyonge kuwa ngao ya tajiri. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya jiji letu liliporomoka, watu 36 wakafa. Lile halikuwa banda la mnyonge. Na kibali kilikuwepo! Ila ilielezwa wakati ule kwamba kiliruhusu ghorofa chache kuliko zilizopandishwa. Nani aliyekuwa akihesabu? Nairobi nako, mtaa wa Huruma, tarehe 29 Aprili 2016 nyumba ya wapangaji ilianguka usiku wa mvua na kuua watu wapatao 50. Serikali ya Kenya ikasema nyumba hiyo ilikuwa imeshatiwa alama ya kubomolewa. Aliyetia alama akaenda zake, watu wakaendelea kulala humo. Na Kariakoo, tarehe 16 Novemba 2024, tukarudia yale yale ya kufukua vifusi kwa mikono.

Ndiyo maana mimi siabudu kibali. Kibali kilichofungiwa kabatini ni risiti tu. Ninachokidai ni kumbukumbu inayosomeka na anayelala ndani ya nyumba. Mkandarasi analazimika kuweka bango penye ujenzi lenye majina ya wahusika. Vizuri. Lakini bango hilo linang'olewa kazi ikiisha, yaani wakati ule ule watu wanapohamia! Libaki. Karatasi moja mlangoni inatosha: namba ya kibali, ghorofa zilizoruhusiwa, jina la mhandisi, tarehe za ukaguzi. Na nakala iwepo ofisi ya serikali ya mtaa, mtu aione bila kutoa kitu kidogo.

Mimi mwenyewe ni mpangaji. Nilipomuuliza mwenye nyumba wangu kama ana karatasi za nyumba, alicheka mpaka akakaa chini. "Wewe kijana, umekodi chumba au unainunua nyumba?" Nimekodi chumba, mzee wangu. Lakini nyumba ikianguka, itaniangukia kama niliyeinunua.

Sasa nawageukia nyinyi mnaotaka kuwa waandishi. Tunapenda kuandika rushwa kwa sura ya bosi mwenye kitambi na bahasha chini ya meza. Tumezoea, wasomaji nao wamezoea. Rushwa inayoua ina sura nyingine: ni nafasi tupu kwenye fomu, pale palipoandikwa "tarehe ya ukaguzi" na pembeni hapana kitu. Ukimaliza sekondari ukasema umekosa cha kuandika, kajifunze kusoma nafasi hiyo. Ndani yake mna wahusika, mna kisa, mna maiti.

Mwisho wa mwezi ukipeleka kodi ya chumba, dai risiti yako, kisha uliza kwa adabu: nyumba hii ina kibali cha ghorofa ngapi? Ukifukuzwa, andika. Ukijibiwa, andika pia, na tarehe uiweke.