Namba ya Siri ya Dola

BARAZANI, na Hamisi Nzeyimana

Shangazi yangu wa Buraza, ambaye wasomaji wa baraza hii wamekwisha mzoea hata huniuliza hali yake kabla ya kuniuliza yangu, aliteremka juma hili mpaka mjini Gitega kufuata hati ya shamba aliloachiwa na marehemu mumewe, akiwa amefunga katika kitambaa kitambulisho chake, risiti ya malipo, na kila nakala aliyoagizwa kuleta. Nilimsindikiza mpaka kwenye dirisha la ofisi ambayo sitaitaja. Karani, kijana mwenye adabu, akaitazama kompyuta yake kwa muda, kisha akasema: "Mama, jina lako limo ndani, ila mashine inaomba namba ya siri, na namba ya siri iko na watu wa kampuni." Nikamuuliza hao watu wako wapi. Akajibu kwamba mkataba wao umekwisha, na mwingine haujatiwa saini.

Nilighadhibika, na ghadhabu hiyo ningali nayo. Kijana huyu alisomea kompyuta, ameajiriwa na serikali, ameketi katika jengo la serikali chini ya bendera ya serikali, ilhali hana idhini ya kufungua daftari la serikali mpaka ajnabi aliye mbali aridhike na malipo yake. Shangazi hakupaza sauti. Aliuliza tu kama shamba nalo sasa ni la kampuni, na karani akainamisha kichwa, kwa kuwa hakuwa na jawabu. Mimi pia sikuwa nalo.

Zamani, mji huu ulipoandikwa Kitega katika hati za wakoloni, daftari lilikuwa la karatasi, na karani mmoja akiugua, mwenzake aliendelea pale pale alipoachia.

Nisifahamike kwamba napinga kuajiri kampuni. Mwenye ujuzi na alipwe ujira wake. Walakini amana ya raia haiuzwi pamoja na mashine. Wala tusiambiwe kwamba wataalamu hawapo, kwani vyuo vyetu hutoa vijana wa kompyuta kila mwaka. Taksiri ni ya wakubwa wanaotia saini huku macho yao yakiwa kwenye sherehe ya uzinduzi, wasiulize hata mara moja itakuwaje siku ya kuachana. Majirani zetu wa Kongo walionja uchungu huo katika paspoti zao: chini ya mkataba wa mwaka 2015 na Semlex, kampuni ya Ubelgiji, raia alitozwa dola 185, na serikali yake, kwa mujibu wa uchunguzi wa Reuters wa mwaka 2017, ikaambulia dola 65 tu. Tanzania, mwaka huo huo wa 2017, ilianza kukusanya malipo ya serikali kwa mfumo wa GePG, uliojengwa na watumishi wake yenyewe. Watumishi hao hawakushuka kutoka mbinguni. Walisomeshwa, kisha wakaaminiwa.

Gitega ni makao makuu ya kisiasa ya nchi hii tangu mwaka 2019. Basi kabla mkataba mpya haujatiwa saini, namwomba waziri mhusika atusomee hadharani, hapa mjini, ule ukurasa unaosema namba ya siri itakaa kwa nani. Na kama ukurasa huo haumo, aiweke kalamu yake chini.